Pilau: maliza kazi zote kabla ya kuwasha moto

Pilau ya nyumbani mara nyingi huharibika katika zile dakika mbili za kumenya kitunguu saumu huku vitunguu maji vikiwa tayari vimeiva kwenye mafuta. Kitunguu hakimsubiri mtu. Kikishapata rangi ya kahawia, ukichelewa kidogo tu kinaungua, na uchungu wake hautoki hata uongeze viungo gani.

Vipimo hivi ni vya kilo 1 ya mchele na kilo 1 ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa.

Nyama ichemshwe mapema, hata jana yake, kwa lita 3 za maji, chumvi na nusu ya saumu na tangawizi uliyotwanga. Engua povu. Saa moja na nusu kwa kawaida hutosha. Chuja supu.

Mchele ndio wenye mitego. Upime ukiwa mkavu: kilo 1 ni karibu vikombe 5 vya mililita 250, na supu yake ni vikombe 7 na nusu. Mchele mpya wa msimu hunywa maji machache, kwa hiyo punguza hadi 7. Uliokaa ghalani huhitaji zaidi. Uchambue, uoshe mpaka maji yaache kuwa kama maziwa, uloweke nusu saa, kisha uache kwenye chujio dakika 10. Wengi huruka hapo kwenye chujio, halafu wanashangaa pilau kuwa mashendea: mchele unaovuja umeingia sufuriani na maji ambayo hayakupimwa.

Vitunguu vikubwa 4 vikatwe vyembamba, na unene uwe mmoja. Vikitofautiana, vyembamba vitaungua wakati vinene bado ni vyeupe.

Bizari nyembamba vijiko vya chai 3, ikaange kavu kama dakika moja mpaka inukie, kisha imimine kwenye sahani papo hapo, maana chuma cha moto huendelea kuikaanga. Itwange na pilipili manga kijiko 1 cha chai, iliki 8 na karafuu 6. Mdalasini ubaki mzima. Viazi vilivyomenywa vikae kwenye maji visije vikawa vyeusi.

Sasa panga bakuli kwa mfuatano wa kuingia sufuriani, ndipo uwashe moto. Kaanga vitunguu kwa nusu kikombe cha mafuta, moto wa wastani, dakika 15 hadi 20. Mwanzoni vinatoa maji, usiviharakishe. Saumu na tangawizi zilizobaki, viungo, nyama, viazi, kisha supu iliyopimwa. Ichemke kwanza, kwani mchele ukikaa kwenye supu ya vuguvugu hulainika nje kabla kiini hakijaiva. Ionje: ikolee chumvi kuliko supu ya kunywa, kwa sababu mchele utaivuta.

Tia mchele. Supu ikishuka hadi usawa wa mchele, punguza moto, funika, palia makaa juu ya kifuniko. Anayetumia gesi afunike kwa karatasi ya foili chini ya kifuniko. Baada ya dakika 10 geuza mara moja tu, mwiko ukipita pembezoni, kisha uache dakika 10 nyingine.

Kikombe 1 cha supu kibaki pembeni, kikiwa cha moto. Ukikuta punje ina kiini kigumu, nyunyiza robo yake juu, funika tena dakika 5.