Nyundo na mwamba: barua kwa mwanangu aliyeko Hamar

Mwanangu Neema,

Sote hapa Mwanza tu wazima, ila mama yako na goti lake. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema ulikwenda dukani kununua nyundo ya kupigilia kitanda, ukakuta imeandikwa hammer, kisha mama mwenye nyumba akakwambia kwamba jina la mji wenu huko Norwei, Hamar, maana yake ni mwamba. Ukaniuliza: "Baba, wewe uliyesoma Leipzig, Ujerumani, huyu mama ananitania? Nyundo na mwamba vinakutana wapi?"

Hakutanii. Katika lugha ya kale ya Skandinavia, ile waliyoisema Waviking, hamarr lilikuwa neno moja la vitu viwili: nyundo, na mwamba uliosimama wima. Mji wenu ulibeba maana ya pili, duka likabeba ya kwanza.

Nikueleze nilichokiona juzi. Jirani yetu bado anaponda kokoto pale nyuma ya ukuta. Analiweka jiwe ndani ya pete aliyoikata kwenye tairi bovu, vipande visimrukie usoni, halafu anapiga. Basi mpini wa nyundo ukakatika. Hata hakusimama. Akaangaza huku na huku, akaokota jiwe jeusi lenye ukubwa wa papai dogo, akaendelea kuponda kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikacheka peke yangu barazani: hiyo ndiyo hamarr, nyundo kabla chuma hakijafika. Wanaisimu wengi wanaamini neno hilo lilianza kwa maana ya jiwe, likapewa chombo kilichotengenezwa kwa jiwe, na chuma kilipokuja kikakuta jina lipo tayari.

Ushahidi wao wanauchukua mbali, kwa ndugu wa lugha hiyo. Kilituania jiwe ni akmuo. Kirusi ni kamen. Kigiriki cha kale akmon ni fuawe, lile pande ambalo mhunzi hufulia chuma juu yake. Kisanskriti asman ni jiwe, na pia ni silaha ya radi. Na Waajemi wa kale, neno hilohilo walilipeleka juu kabisa wakaliita mbingu. Unalijua hilo, mwanangu, ila hujui kama unalijua: ni lile aasmaan la nyimbo za filamu za Kihindi ambazo mama yako alikuwa akiziimba akifua. Kihindi kimelipata kwa Waajemi. Inaelekea watu wa kale waliiona mbingu kama kuba la mawe lililotufunika. Wapo wanaotaka hata himmel, mbingu ya Kinorwei na Kijerumani, itoke kwenye shina hilohilo la jiwe. Wengine wanakataa. Mimi nipo na wanaokataa, maana nadharia ikishaanza kuunganisha kila kitu na kila kitu, naushika mkoba wangu naondoka.

Kuhusu stein unaloliona kila mahali, mambo ni mepesi zaidi. Hilo ndilo neno la kawaida la jiwe kwa jamaa wa karibu wa Kinorwei: Kiingereza stone, Kiholanzi steen, Kiswidi sten, Kijerumani na Kinorwei stein. Wanaisimu wakilirudisha nyuma hupata stainaz, umbo lililokokotolewa kwa kulinganisha. Shina lake linahusishwa na kuganda na kukaza, kama uji ulioachwa kwenye sufuria hadi asubuhi. Jiwe kwao ni kitu kilichoganda. Kirusi stena, yaani ukuta, wanalihesabu humohumo. Wanorwei wakawapa watoto wao majina ya mawe, ndiyo maana umekutana na akina Torstein na Øystein. Wajerumani nao kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kama jiwe, wakaiita Bernstein, jiwe liwakalo, kwa sababu ukiitia moto inashika.

Hata Stanley, yule mpelelezi wa ziwa letu na wa mto Kongo, jina lake lina jiwe ndani: stān ni jiwe kwa Kiingereza cha kale, na lēah ni uwazi msituni. Jina lenyewe si la kuzaliwa, maana alizaliwa John Rowlands. Kule Kongo watu wakamwita Bula Matari, mvunja mawe, bila kujua kwamba jina alilojipachika lilikuwa na mawe tayari. Mji wa Kisangani ulibeba jina lake, Stanleyville, hadi 1966.

Maandishi ya zamani hasa yanayoonyesha neno hili kwa wingi ni Biblia ya Kigothi, lugha ya kale ya ukoo huohuo, iliyotafsiriwa na Askofu Wulfila katika karne ya 4. Nilipokuwa Leipzig nilikariri mstari mmoja wa Luka, pale Shetani anapomjaribu Yesu nyikani: "qiþ þamma staina ei wairþai hlaibs", liambie jiwe hili liwe mkate. Staina ni stein yako. Hlaibs ndiyo loaf ya Waingereza. Hiyo herufi ya ajabu, þ, itamke kama th ya "thamani". Na katika Warumi, pale penye jiwe la kujikwaa na mwamba wa kuangusha, Wulfila alihitaji maneno mawili, akaandika stain kwa la kwanza na hallu kwa la pili. Hilo la pili usidhani limekufa. Angalia yale mawe bapa wanayotandaza bustanini kwenu, wanayaita helle. Ni ukoo mmoja.

Fjell nalo, mlima kwa Kinorwei, ni ndugu wa Fels la Kijerumani, mwamba. Hilo nalipita haraka kwa sababu hujaniuliza, na kwa sababu nataka kukusimulia kisa ninachokipenda kuliko vyote hivi.

Mwaislandi Snorri Sturluson, aliyeuawa 1241, aliandika jinsi Thor, mungu wa radi, alivyopigana na jitu Hrungnir. Jitu lile lilikuwa na kichwa cha jiwe, ngao ya jiwe, hata moyo wake ulikuwa jiwe lenye pembe tatu. Silaha yake ilikuwa hein, yaani kinoo, jiwe la kunolea. Thor akarusha hamarr, Hrungnir akarusha kinoo kwa mikono miwili, vikagongana angani. Kinoo kikapasuka. Kipande kimoja kikaanguka chini, na ndicho kilichozaa miamba yote ya vinoo duniani. Kingine kikamwingia Thor kichwani. Jitu likafa, lakini Thor akarudi nyumbani na kinoo kwenye fuvu. Akaitwa mganga wa kike, Gróa, akaanza kuimba, kinoo kikalegea. Thor kwa furaha akampa habari njema kwamba mumewe aliyepotea yu njiani kurudi. Gróa akafurahi mno hadi akasahau maneno ya uganga wake, na kinoo kikabaki palepale. Ndiyo maana, anasema Snorri, ni mwiko kurusha kinoo sakafuni: kile kilichomo kichwani mwa Thor hutikisika.

Nilimsomea mama yako kisa hiki jana jioni. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama huko kwenu vinoo bado vinauzwa, maana chetu kimeliwa katikati kimekuwa kama mtumbwi. Nikamwambia kwamba Eidsborg, kule Telemark, walichimba vinoo tangu enzi za Waviking wakavisafirisha kwa meli hadi nchi za mbali. Basi ukija Desemba na ukibahatika kukiona, tuletee kimoja. Kifunge kwenye nguo katikati ya sanduku, na wapakiaji mizigo uwanjani wasikirushe.

Baba yako