Miguu kujaa jioni: damu imetuama?

SWALI: Bi Muuguzi, shikamoo. Nakaanga mahamri Majengo, nasimama kwenye karai tangu saa kumi alfajiri hadi saa nne. Jioni miguu yote miwili imejaa, champali zimeniachia alama, na mishipa ya kijani imetutumka nyuma ya magoti. Jirani asema ni damu chafu, niende hijama. Kweli damu hutuama?
Mama Mahamri, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwenye uchafu jirani kakosea. Kwenye kutuama hayuko mbali. Damu ya vena, mishipa inayoirudisha moyoni, imekoza wekundu kwa kuwa sehemu ya oksijeni yake imeshagawiwa njiani, basi. Ukijani ni ngozi inavyokuonyesha.

Moyo, huo wa ukubwa wa ngumi yako, husukuma kama lita 5 kwa dakika hata umekaa tu, karibu damu yote uliyo nayo. Kushuka miguuni si kazi. Kazi ni kupanda, maana ikifika kwenye vena msukumo wa moyo umekwisha karibu wote. Wa kuipandisha ni msuli wa shavu la mguu: ukipiga hatua hujikaza, huiminya vena. Isirudi chini mna vali, kama geti la feri Likoni, ukishapita, umepita.

Usiniamini mimi. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja itutumke. Bonyeza mmoja kwa kidole, kwa kidole kingine iswage damu yake kuelekea kifundo, kisha kiinue hicho cha pili. Mshipa utabaki umelala. Achia cha kwanza, uone unavyojaa kutokea chini. Daktari Mwingereza, William Harvey, alichapisha jaribio la namna hii mwaka 1628.

Sasa wewe umesimama tuli, shavu la mguu limelala. Damu hujaa venani, maji yake yakavujia nyamani. Mimi enzi za wodini nilikuwa nikivua viatu ndani ya matatu, abiria wakanuna.

Kila ukigeuza mahamri, inua visigino mara kadhaa. Mchana lala, miguu juu ya mto. Hiyo mishipa iliyotutumka ni vali zilizolegea, na hijama haizikazi. Ila mguu mmoja ukijaa ghafla, ukauma na kupata moto, nenda hospitali siku hiyohiyo. Huenda damu imeganda. Na kama ukilala chali pumzi hukubana, mahamri yangoje: kapimwe moyo na presha.