Barua kwa mwanangu: bahasha iliyokuwa ndani ya Malaki

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikausoma tena. Unasema umeokoka miaka 9 sasa, unafunga, unasoma Neno, unaongoza kikundi cha vijana. Halafu Jumanne ukamfokea mwenzako kazini mbele ya watu mpaka akatoka nje, na jioni ile ile ukasimama kufundisha somo la upole. "Mama, hivi ninakua kweli, au nimezoea tu kuzungumza kilokole?"

Sitakimbilia kukuambia kwamba unakua. Siishi nawe, sijui. Nitakueleza ninayoyajua kwangu.

Unaikumbuka ile bahasha? Najua unaikumbuka. Ulikuwa na miaka 11. Mimi nilikuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, na bahasha ya michango ya jengo ikapotea humu ndani. Wewe ndiye uliyekuwa umebaki peke yako nyumbani siku ile, basi nikaona kesi imekwisha. Sikukuuliza, nilikuhukumu. Ulikuwa mlangoni, kiatu kimoja umevua, kingine bado kiko mguuni, ukasema "Sijachukua, Mama." Ukasema tena. Mara ya tatu ulinyamaza, ukainama kuvua kile kiatu kingine.

Fedha nikazirudisha kwa kutoa zangu. Baada ya wiki mbili, kanisani, mhubiri akatuambia tufungue Malaki 3, pale pa zaka kamili ghalani. Nikafungua. Bahasha hiyo hapo, imelala bapa katikati ya kurasa, mwandiko ni wangu. Niliiweka mwenyewe ili isipotee! Nikaifunga Biblia polepole, na waliposema amina nami nikasema amina.

Wakati huo nilikuwa na miaka 14 katika wokovu. Naongoza maombi, mabinti wananiita mama wa kiroho. Na bado kukuomba msamaha kulinichukua miaka 3. Katikati hapo nilikununulia viatu vipya, nikawa mpole kwako kupita kawaida, nikakusifia mbele ya wageni. Kila kitu nilifanya isipokuwa kutamka neno lenyewe. Aya ninayoiogopa kuliko nyingine zote katika Mathayo 5 inasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, "iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako, upatane kwanza na ndugu yako." Mimi sadaka nilikuwa nimeishika mkononi kabisa, na ndugu mwenyewe ameketi benchi la watoto, hatua chache tu kutoka nilipokaa.

Kilichonidanganya ni karama. Nikiomba watu walilia, nami nikachukulia machozi yao kuwa cheti changu. Sasa soma barua ya kwanza kwa Wakorintho uone. Sura ya 1 Paulo anawaambia hawakupungukiwa na karama yoyote. Ukifika sura ya 3, watu hao hao anawaita watoto wachanga, wanaonyweshwa maziwa kwa kuwa chakula hawakiwezi. Na ushahidi anaoutoa ni husuda na fitina, yaani namna wanavyoishi wao kwa wao. Kwa hiyo uongozi wako wa vijana ni kazi njema, endelea nao, lakini usiulize kimo chako huko. Waulize unaokaa nao ofisini.

Umeniandikia pia kwamba unaona aibu kuwa bado uko hapo ulipo baada ya muda wote huu. Hapo punguza. Paulo huyo huyo anaeleza katika Wagalatia kwamba baada ya kuitwa alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, ikapita miaka 3 ndipo akapanda Yerusalemu kumwona Kefa, yaani Petro. Na huyo Kefa, aliyesimama siku ya Pentekoste na watu wapatao 3,000 wakaongezeka, anakuja kukutwa Antiokia akijitenga mezani na watu wa Mataifa kwa kuogopa wenzake. Akakemewa mbele ya wote. Mtume!

Lakini ninayempenda zaidi ni Yohana. Yeye na Yakobo waliitwa wana wa ngurumo, na ukisoma Luka 9 utaelewa: kijiji cha Wasamaria kimekataa kumpokea Yesu, nao wanauliza kama waagize moto ushuke uwateketeze. Kijiji kizima! Kisha nenda Matendo 8. Wasamaria wamelipokea Neno, mitume Yerusalemu wanawatuma wawili, Petro na Yohana, kwenda kuwaombea wapokee Roho Mtakatifu. Mtu aliyetaka kuwaona wanateketea sasa anawawekea mikono vichwani. Luka hasemi Yohana alijisikiaje. Mimi huwa nawaza tu ile mikono.

Basi, kipimo changu siku hizi ni kidogo, wala sijakisikia kwenye semina (na semina nimehudhuria, madaftari yamejaa kabati). Naangalia muda kati ya kosa na kurudi. Kwako ulikuwa miaka 3. Kwa shangazi yako, tulipokosana, ilikuwa miezi. Mwezi uliopita nilimkatiza baba yako kwa dharau mbele ya watu, na kabla wageni hawajaondoka nilikuwa nimeshamwambia, tena wakisikia. Aliniangalia kana kwamba nina homa.

Usinielewe vibaya. Wapo waliogeuza samahani kuwa salamu: anatukana asubuhi, anaomba radhi mchana, kesho hivyo hivyo, na anajiona mnyenyekevu. Ukishakuwa unarudi upesi, itabidi ifike siku neno likufike kwenye ulimi, ulihisi pale, ulimeze. Waebrania 5 wanawataja watu wazima kuwa ni wale ambao akili zao, "kwa kutumiwa, zimezoezwa." Kuzoezwa ni kurudia, tena mambo madogo yanayochosha. Kufunga siku tatu ni rahisi kuliko kumwacha mtu amalize sentensi yake wakati wewe unajua amekosea. Nimejaribu vyote viwili.

Na ile sauti inayokuambia labda hukuokoka kabisa, isikupotezee muda. Ukianza kubishana nayo, mwenzako unamsahau. Maana katika ujumbe wako wote, mwanangu, mrefu vile, umeandika habari za hali yako ya kiroho aya nne, na yeye umemtaja mara moja. Alitoka nje akaenda wapi? Alirudi? Kuna mtu aliyemfuata?

Kwa hiyo mwendee kesho. Ulimfokea mbele ya watu, basi usimvute pembeni kumnong'oneza. Wale waliosikia makelele wasikie na hili. Usimhubirie, usimweleze ulikuwa umechoka, usimwambie "kama nilikukwaza". Ulimkwaza. Sema ulichofanya, ukiite kosa kwa jina lake, kisha nyamaza, na akikataa kukusamehe hiyo ni haki yake. Vijana wako nao, ukiona vema, Jumanne ijayo waambie somo la wiki iliyopita ulilifundisha ukiwa unadaiwa.

Ukishaongea naye nipigie, hata ikiwa usiku. Kuna jambo moja la siku ile ya bahasha sijawahi kukuuliza, na ningependa kukuuliza kwa sauti, si kwa maandishi.

Mama yako