Mafini za matunda bila ngano: acha kuiga keki, fuata mkate wa kumimina

Dada mleta uzi, pole na hongera kwa kutokata tamaa. Kama nimekuelewa, mwanao amepimwa hospitali akakutwa na ugonjwa wa siliaki (ule ambao ngano inaumiza utumbo), hatakiwi kugusa ngano tena, na wewe umemwokea mafini (vile vikeki vidogo vya kwenye vikombe vya karatasi) za ndizi na embe kwa unga wa mchele ukifuata vipimo vya keki ya kawaida. Zimetoka na chenga kama mchanga mdomoni, ukizivua karatasi zinamong'onyoka, na embe lote limekwenda kukaa chini. Wachangiaji wa juu wamekushauri utafute ule unga maalumu wa kutoka nje.

Mimi naoka bila ngano kwa ajili ya binti wa dada yangu ninayeishi naye hapa Tanga, na ushauri wangu ni kwamba huo unga uuache dukani. Si mbaya, ila bei yake inauma, na ukigeuza pakiti ukasoma utakuta mwingi ni mchele, wanga wa muhogo au wa viazi, na gamu kidogo ya kushikanisha. Mchele na muhogo tunao. Cha kushikanisha nitakwambia.

Kwanza tuelewane kwa nini zimekukatalia. Ngano ikikutana na maji ikakorogwa, protini zake zinaungana kuwa utando unaovutika, ndiyo hiyo gluteni. Utando huo unashika hewa ya bekingi pauda, unazuia keki isibomoke, na unabeba matunda yasizame. Mchele hauna kitu hicho hata chembe. Kwa hiyo ukitoa ngano ukaweka mchele uzito ule ule, umeondoa nguzo na hukuweka kitu mahali pake.

Sasa jiulize, mbona mkate wa kumimina unasimama? Mbona kitumbua kina matundu ndani na hakimong'onyoki? Hivyo ni vya mchele mtupu, na bibi zetu hawakuwa na gamu ya pakiti. Angalia wanavyofanya: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui mpaka ukiusugua kati ya vidole husikii chenga. Wengine wanatia wali kidogo kwenye blenda. Halafu uji unaachwa utulie kabla ya kupikwa. Kuloweka ndiko kunakoondoa ule mchanga, maana punje ya mchele inanyonya maji polepole mno kuliko ngano. Wali ni wanga uliokwisha kuiva, unavuta kama gundi na kuupa uji uzito. Yai linaganda kwenye moto na kushika umbo. Mafini ya matunda bila ngano ni ndugu wa mkate wa kumimina, si ndugu wa keki ya harusi, na ukishaiona hivyo mambo yanakaa sawa.

(Tahadhari kwa faida ya wote: vitumbua vya kununua usimpe mtoto bila kuuliza. Wauzaji wengi wanatia ngano kidogo ili vishikane, na ukiuliza "vya mchele hivi?" utaambiwa ndiyo, kwa nia njema kabisa.)

Vipimo ninavyotumia, vinatoa mafini 12 za kawaida: unga wa mchele gramu 180, unga wa muhogo gramu 80, sukari gramu 100, tui zito mililita 200, mayai 3, mafuta ya kula mililita 80, ndizi mbivu zilizopondwa gramu 200, chumvi nusu kijiko cha chai, hiliki ya kutosha kusikika, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, magadi soda ya kuokea robo kijiko cha chai, unga wa ubuyu kijiko kimoja cha chakula, na matunda ya vipande gramu 150. Kama huna mizani, nunua hata ile ndogo ya jikoni kabla hujanunua kitu kingine. Kikombe cha unga wa mchele na kikombe cha unga wa ngano havilingani uzito, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Chukua vijiko vitatu vya chakula kutoka kwenye huo unga wa mchele, vikoroge na tui lote likiwa baridi, bandika moto mdogo, koroga bila kuacha mpaka upate uji mzito unaoacha njia ukipitisha mwiko. Epua, acha upoe kabisa. Huo ndio mbadala wa wali wa kwenye vitumbua, na ndiyo gundi yako. Ukipenda uhakika zaidi ongeza kijiko cha chakula cha isabgol, yale maganda meupe ya kutibu choo kigumu yanayouzwa famasi na kwenye maduka ya Wahindi. Kwa embe na nanasi naitia, kwa ndizi tupu siitii.

Uji ukishapoa piga ndani yake mayai, sukari, mafuta na ndizi. Tia unga uliobaki wa mchele, muhogo, ubuyu, hiliki na chumvi. Piga kwa nguvu upendavyo. Ile kanuni ya "usikoroge sana mafini zitakuwa ngumu" ni ya ngano, hapa hakuna gluteni ya kukaza. Funika, acha nusu saa. Usiiruke hii nusu saa hata kama wageni wako mlangoni. Ukirudi, chukua tone usugue kati ya kidole gumba na cha shahada: kama bado unasikia mchanga, ongeza dakika nyingine. Utaona pia mchanganyiko umekuwa mzito, unaanguka kutoka kwenye kijiko kwa mafungu badala ya kutiririka. Ukifika hapo ndipo unatia bekingi pauda na magadi, unakoroga haraka, unamimina kwenye vikombe na kuoka mara moja. Ukitangulia kutia magadi mapema, hewa yote itakuwa imekwenda zake kabla ya moto.

Ubuyu ninaousema ni ule unga mweupe usiotiwa kitu, si ubuyu wa rangi na sukari. Ukali wake ndio unaoamsha magadi, kazi ambayo kwenye keki nyingi inafanywa na mtindi, na ndani yake kuna pektini inayosaidia kushikanisha. Na ladha yake kwenye embe, utaniambia mwenyewe.

Unga wa muhogo uwe mweupe na usio na harufu. Ule wa makopa yaliyovundikwa ni mzuri kwa ugali, lakini kwenye keki harufu yake inashinda hiliki na ndizi vikiungana. Na msisage wenyewe muhogo msioujua asili yake, muhogo mchungu una sumu ya sianidi inayotaka kutolewa kwa utaratibu.

Sasa matunda, ambako ndiko uliko ugomvi mkubwa. Tunda ni maji. Embe zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji, na likiingia kwenye moto linayaachia yote kwenye mchanganyiko usio na utando wa kuyahimili. Unapata shimo bichi kuzunguka kila kipande. Kwa hiyo embe kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, visivyozidi hapo, vitandaze kwenye kikaango kikavu moto wa wastani mpaka maji yakauke na kingo zianze kushika rangi. Dodo na bolibo vinafaa, embe lenye nyuzi nyingi ulile tu kwa mkono.

Nanasi lazima lipikwe kwanza, na hapa si kwa ajili ya maji peke yake. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, bromelaini, na mayai yako ndiyo protini unayoitegemea. Likikaa bichi kwenye mchanganyiko ile nusu saa linaanza kazi, na ukiwa umetia maziwa utaonja uchungu. Lipike na kijiko cha sukari mpaka likauke, kimeng'enya kinakufa kwa moto. Papai lina mwenzake, papaini, na hata likipikwa halina ladha ya maana kwenye keki, mimi nimeliacha kabisa. Pesheni tumia maji yake mazito badala ya sehemu ya tui, mbegu chuja. Matufaha na peasi za Lushoto zinapendeza sana, kwaruza, kamua kwa mkono, tia.

Tende ni rahisi kuliko zote, hazina maji mengi, lakini nunua nzima ukatekate mwenyewe. Zile zilizokatwa tayari viwandani huwa zinapakwa unga zisigandane, mara nyingine wa mchele, mara nyingine wa oti, na oti za kawaida huchanganyika shambani na kiwandani na ngano au shayiri, ambayo nayo ina gluteni. Zabibu kavu hazina neno, loweka kidogo kwa maji ya moto ukamue.

Kuhusu kuzama: kupaka vipande unga kunasaidia kidogo sana. Dawa ni mchanganyiko uliokuwa mzito baada ya kupumzika, na kutia kijiko kimoja cha mchanganyiko usio na matunda chini ya kila kikombe kabla ya kuweka wenye matunda juu yake. Vichache vichomeke juu kabisa kwa urembo.

Oveni nyuzi 180, dakika 22 hadi 25, kijiti kitoke kikavu. Huna oveni? Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini, vikombe juu ya mchanga, funika, palia makaa juu ya mfuniko. Moto wa chini uwe hafifu na wa juu ndio mkali, kama mtu anavyomalizia mkate wa kumimina. Ukiukoleza chini utapata kitako cheusi na utosi mweupe, maana mchele hauchukui rangi kwa urahisi. Zikiiva ziache zipoe kabisa kabla ya kula. Najua watoto hawataki kusikia hilo, lakini mafini ya mchele ikiwa ya moto ina unatounato ndani, wanga wake haujatulia.

Halafu kitu ambacho hakuna aliyekigusa kwenye uzi huu: usafi wa unga wenyewe. Kiwango cha Codex, ile tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu nzima za gluteni, si miligramu. Sasa fikiria mashine ya kusaga ya mtaani iliyotoka kusaga unga wa lishe wenye ngano ndani, wewe unapeleka mchele wako unafuata. Ndiyo maana sisi mchele tunauosha, tunauanika kwenye kitambaa safi, tunausaga kwa blenda kidogo kidogo na kuuchekecha. Chekeche liwe jipya, la mafini peke yake. Mwiko wa mbao vilevile, ngano ya miaka inajificha kwenye nyufa. Siku ya chapati, mafini zinatangulia, maana vumbi la ngano linaelea jikoni muda mrefu kuliko unavyodhani. Soma pia pakiti ya bekingi pauda, nyingi zina wanga wa mahindi lakini zipo zenye wa ngano, na kaa mbali na vinywaji vya kakao vyenye kimea, hicho kimea ni shayiri.

Ndugu aliyeandika kwamba haya ni mambo ya Wazungu wanaotaka kupungua mwili, kwa heshima zote, hapana. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, aliandika tasnifu yake mwaka 1950 akionyesha kwamba ngano ndiyo inayowaumiza watoto wa aina hii. Na utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kwa kila 100 wa Kisahrawi, Waafrika wenzetu wa Sahara Magharibi, wana ugonjwa huu. Ukweli ni kwamba wapo watu wanaoacha ngano kwa mtindo tu, hilo sibishi, lakini mtoto wa dada huyu si mmoja wao.

Na wale mlioniuliza kwa ujumbe wa faragha (PM) kama mwaweza kuwaachisha watoto wenu ngano "kuangalia tu", msifanye hivyo kabla ya kipimo. Damu inapimwa kingamwili ambazo mwili unazitengeneza mtu akiwa anaendelea kula ngano. Ukiacha mapema, kipimo kinaweza kutoka safi na ugonjwa upo.

Kuhifadhi: siku ya kwanza na ya pili ziache nje kwenye chombo kilichofungwa. Usiziweke kwenye friji, baridi ile ndiyo inayozikausha haraka. Za ziada ziingie friza zikiwa zimepoa, asubuhi unaitoa moja, unaipasha, inaingia kwenye mkoba wa shule.

Umeuliza pia kama unaweza kutumia maziwa badala ya tui. Unaweza, lakini si sasa. Mtoto aliyegunduliwa juzi mara nyingi vile vijinyweleo vya utumbo vimelika, na hapo ndipo panapotoka kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Mpe miezi utumbo upone, mwulize daktari wake, halafu mjaribishe kidogo. Kwa sasa kuna nazi.