Maswali na majibu: Umeme wa mkondo wa maji, na kasi ambayo hakuna anayeipima

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu turbini zinazozamishwa ndani ya mto au mlango wa bahari zikafua umeme kwa nguvu ya mkondo wenyewe, bila bwawa wala bomba. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nina mto unaopita nyuma ya shamba langu mwaka mzima. Nitapata umeme kiasi gani? (Kilombero)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na karibu kila anayeliuliza hutaja upana wa mto, huutaja uzuri wake, lakini haitaji kasi ya maji, ambayo ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Nguvu iliyomo katika mkondo hufuata kasi ikizidishwa yenyewe mara tatu, kwa hiyo kasi ikiwa maradufu nguvu huwa mara nane, na kasi ikipungua nusu unabaki na thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Chukua rafadha, yaani mapanga yanayozungushwa na maji, inayokinga mita moja ya mraba ya maji, katika mtambo mdogo unaogeuza asilimia 30 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde utapata wati 1,200 hivi. Kwa mita 1 utapata wati 150. Kwa nusu mita utapata chini ya wati 20, na huenda mapanga yasizunguke kabisa.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Tafuta sehemu iliyonyooka, weka alama mbili ukingoni zilizoachana mita 20, tupa chungwa katikati ya mto juu kidogo ya alama ya kwanza, kisha hesabu sekunde linazotumia kufika alama ya pili. Nasema chungwa kwa sababu huelea likiwa limezama karibu lote, na upepo haulisukumi. Rudia mara tano, tafuta wastani, halafu punguza asilimia 15 hivi, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Chungwa likitumia sekunde 20, kasi yako ya kupigia hesabu ni mita 0.85 kwa sekunde, na umeme wako ni wati 90 kwa kila mita ya mraba. Fanya kazi hiyo mto ukiwa umepungua mwishoni mwa kiangazi, kwani kipimo cha masika kitakupa matumaini ambayo Oktoba itayafuta. Na usiingie majini kupima: mto huo una viboko na mamba.

Muuzaji ananiambia mtambo wake ni wa kilowati 5, na bei ni nafuu. Ninunue?

Kilowati 5 kwa kasi gani? Ikiwa kibati cha mtambo, chenye maelezo ya nguvu yake, kimeandikwa kwa mkondo wa mita 3 kwa sekunde na mto wako unakwenda mita 1, umenunua mtambo wa wati 185. Usitoe fedha kabla hajakupa mchoro unaoonyesha umeme unaopatikana kwa kila kasi, na akisema hana mchoro huo, ondoka.

Mawimbi ya pwani yetu ni makubwa wakati wa kusi. Turbini hizi zitafaa?

Mawimbi si mkondo. Yanahitaji mitambo ya aina nyingine kabisa.

Visiwani maji hupanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Kwa nini hatufui umeme? (Pemba)

Hili ni swali zuri, lakini limebeba kosa ambalo nalikuta hata katika maandiko ya miradi: kudhani kwamba kimo cha maji ni sawa na kasi yake. Maji yanaweza kupanda mita 4 kwenye ufuo ulio wazi bila kukimbia. Yanakimbia pale yanapobanwa. Katika Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini, ambako mtambo wa SeaGen wa megawati 1.2 uliwekwa mwaka 2008, maji hayapandi kuzidi sana ya Zanzibar. Tofauti ni kwamba ghuba ya takriban kilomita za mraba 150 hujaa na kumwagika kupitia mlango mmoja mwembamba, na mkondo wa hapo huzidi mita 3 kwa sekunde. Vivyo hivyo kaskazini mwa Scotland, ambako mitambo minne ya MeyGen yenye jumla ya megawati 6 imewekwa kwenye mlango kati ya bara na kisiwa cha Stroma.

Kwa hiyo kwetu kazi ya kwanza ni kutafuta milango ya namna hiyo, na watu wa kuulizwa mwanzo ni manahodha na wavuvi, ambao wanajua ni wapi chombo hulazimika kungoja maji yageuke. Kisha ipimwe kasi kwa mwezi mwandamo mzima, bamvua na maji mafu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kidogo tu. Ikiwa kasi ya maji mafu ni nusu ya ile ya bamvua, umeme nao utashuka hadi thumuni. Kumbuka pia kwamba takriban mara nne kwa siku maji husimama kabla ya kugeuka, hivyo betri au chanzo cha pili hakiepukiki. Ubora wa mkondo wa bahari ni kwamba saa hizo za kusimama zinajulikana miaka mingi mbele, jambo ambalo upepo hauwezi kukuahidi.

Naielewa hamu ya visiwa kuwa na umeme wake. Unguja ilikaa gizani kwa miezi mitatu hivi kuanzia Desemba 2009 baada ya umeme wa kutoka bara kukatika, na Pemba nayo hutegemea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Naiunga mkono hamu hiyo kwa moyo wote. Ila fedha za kwanza zinunue vipima mkondo. Mtambo wa kuzinduliwa kwa sherehe uje baadaye.

Je, mitambo hii hudumu?

Iliyopimiwa mkondo vizuri, ndiyo. Maji ni mazito zaidi ya mara 800 kuliko hewa, na makadirio mabaya hayasamehewi. Katika East River, New York, mkondo uliharibu mapanga ya mitambo ya mwanzo iliyowekwa mwaka 2006. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, mtambo wa megawati 1 uliozamishwa mwaka 2009 ulipoteza mapanga yake katika muda wa wiki chache, kwa sababu mkondo halisi ulikuwa mkali kuliko uliokadiriwa. Hao walikuwa wahandisi wenye fedha. Wewe unayetaka kufunga nanga kwa kamba kwenye mti, fikiria gogo la mafuriko likigonga mtambo huo usiku.

Naweza kutumia altaneta ya gari?

Altaneta huanza kuchaji ikizunguka mara elfu moja au zaidi kwa dakika. Rafadha ya mtoni huzunguka chini ya mara mia. Utahitaji gia au mkanda utakaokula sehemu ya nguvu. Tafuta jenereta ya sumaku ya mwendo wa polepole.

Shamba langu lina kijito kinachoporomoka mlimani. Nifunge turbini ya mkondo? (Njombe)

Hapana. Lita 10 kwa sekunde zikishuka mita 10 ndani ya bomba zitakupa wati 500 hivi. Mtoni, kwa kasi ya mita 1, zinapita lita 1,000 kila sekunde katika mita ya mraba ili upate wati 150. Mwenye maporomoko atumie maporomoko yake.

Je, nahitaji kibali ilhali sitachukua hata lita moja ya maji?

Unaweka kizuizi ndani ya mto wanaoutumia wavuvi na mitumbwi, hivyo anza na ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako kabla ya kufunga chochote. Ukifika huko, waulize kama wana vipimo vya miaka iliyopita vya mto wako.