Muulize Fundi: Disketi zenye ukungu na Windows ya 1998

SWALI: Ugonile, fundi. Nina kompyuta ya Pentium III niliyokuwa nachapia mitihani. Imekaa stoo miaka kumi na mbili. Juzi nimeiwasha, tarehe ikasoma 1980, halafu ikaniambia haioni mfumo wa kuwakia. Kijana wa hapa mtaani anataka kunipigia Windows upya. Disketi zangu zipo, ila nyingine zimeota utando mweupe. Windows 98 naipata wapi? Na nikiipata, naruhusiwa kumpa mwenzangu wa Iringa mwenye mashine kama hii?
Mwalimu mstaafu, Tukuyu

JIBU: Shikamoo mwalimu. Huyo kijana mzuie kwanza. Akipiga Windows juu ya hiyo hadi diski (hard disk, diski ya ndani inayotunza mafaili), mitihani yako kwaheri.

Hiyo 1980 inaonyesha betri imekufa, ile ya duara kwenye ubao mkubwa ndani ya CPU. Ni CR2032 ya volti 3, wauza saa wanayo. Ikiisha, mashine inapoteza tarehe, na baadhi za umri huo husahau hata hadi diski iliyomo. Weka mpya, washa huku unabonyeza Delete uingie kwenye mipangilio, rekebisha tarehe, kisha tafuta sehemu ya diski uiambie ijitambue yenyewe. Huenda Windows yako imo humo humo, haijaenda popote.

Disketi sasa. Tukuyu mna ukungu wa aina mbili, na huo wa pili ndio mbaya. Sukuma kile kibati, zungusha taratibu, mulika kwa tochi. Ukiona madoa, usiichomeke! Mimi niliwahi kuichomeka moja kwa haraka zangu. Ikakwaruza, uchafu ukabaki kwenye kichwa cha kusomea, na disketi mbili safi zilizofuata zikaharibika vilevile. Za mteja, tena.

Zilizo safi, usinakili mafaili tu. Disketi ya kuwashia ina sehemu ya mwanzo ambayo haiji kwa kunakili kawaida, kwa hiyo tengeneza nakala ya disketi nzima kama faili moja. Ni MB 1.44, ndogo kuliko picha moja ya harusi, inapita WhatsApp ukiituma kama dokumenti. Huko Iringa mwenzako ataiandika kwenye disketi tupu.

Ukikwama kabisa, maktaba ya Internet Archive ya Marekani imehifadhi programu nyingi za zamani. Lakini kukuta kitu pale si ruhusa ya kukigawa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 98 Julai 2006, haikuacha kuimiliki. Angalia stika kwenye CPU, yenye namba ya herufi na tarakimu 25: hiyo ni ya mashine yako, mwenzako atumie ya kwake. Cha kugawana bila wasiwasi ni FreeDOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta aliouanzisha Jim Hall mwaka 1994. Ni wa bure, ukimpa mtu hakuna wa kukuuliza.

Draiva (programu za kuiwezesha Windows kutumia kifaa) za sauti na skrini tafuta kwa namba iliyoandikwa kwenye chipu ya kadi, jina la kompyuta litakupotezea muda. Na uzichome kwenye CD, kwa sababu Windows 98 bila draiva yake haiitambui flashi.

Ukiamua kuja kwangu Mwanjelwa, Mbeya, panda Coaster na CPU peke yake. Monita ya kichogo iache nyumbani, kondakta atakulipisha kiti.