Udongo Uwahi Ungali Maji, na Sakafu Pia

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Mwanza. "Shikamoo dada. Tuko wanne, tumepata chumba, tunataka kufungua karakana ya ufinyanzi ya pamoja. Wewe umeshapitia. Habari ya usafi tuifanyeje?" Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikanyamaza. Laiti swali hilo ningejiuliza miaka minne nyuma, nisingepoteza bakuli sitini na rafiki mmoja.

Najua wengi mnaonisoma hapa mnataka nilichokitaka mimi: magurudumu mawili matatu ya kufinyangia, tanuri la umeme, rafu zimejaa vyombo, na mpita njia achungulie dirishani aseme, "Humu kuna fundi." Hakuna anayeota dekio.

Sisi tulipanga banda la gari nyuma ya nyumba moja huko Mbezi. Mambo ya pango, umeme na kusafirisha tanuri nayaruka, mnayajua. Mwezi wa kwanza ulikuwa asali. Kila mtu akimaliza kazi anafuta alipokaa, tunapiga picha, tunacheka. Kufikia mwezi wa tatu meza zilikuwa na magamba ya udongo mkavu, sponji zinanuka kama samaki wa jana, ndoo za glezi, ule uji wa madini unaopakwa chombo king'ae kikichomwa, ziko wazi na ndani yake nzi anaogelea.

Mimi nimelelewa na bibi ambaye jua halikuwahi kumkuta uwanja haujafagiliwa. Nikaanza kufika saa kumi na mbili asubuhi na fagio langu la chelewa. Nafagia kona hadi kona, vumbi linapanda mpaka kwenye taa, nakohoa, nafungua mlango, nasimama pale kizingitini najiona shujaa. Simwambii mtu. Nataka waone wenyewe. Hawakuona! Walidhani banda linajisafisha.

Sasa niwaambie nilichokuwa nafanya. Udongo wa mfinyanzi una silika ndani yake, madini yaleyale ya mchanga. Ukiwa mbichi haukudhuru kitu. Ukikauka na kusagika, chembe zake zile ndogo ambazo jicho halizioni huelea hewani kwa saa nyingi, huingia ndani kabisa ya mapafu na hazitoki. Ni vumbi la jamii ileile linalowatesa wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani. Ugonjwa wake unaitwa silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mimi, msafi kuliko wote, kila alfajiri nililinyanyua vumbi lililokuwa limelala na kuwawekea wenzangu hewani ili wakifika saa tatu walivute. Kitambaa nilichojifunga puani hakikuzuia chochote.

Nilijulia wapi? Kwa fundi mzee aliyekuja kutazama tanuri, akanikuta nafagia, akageuka akatoka nje. Akasimama chini ya mwembe mpaka nilipomaliza na zaidi. Aliporudi alisema neno moja tu: "Maji."

Laiti ningesikia hapo! Lakini yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi.

Sinki iliziba. Watu walikuwa wanaosha mikono na vifaa moja kwa moja bombani, na udongo ukishuka kwenye bomba hutulia pale linapopinda, ukawa kama umejengewa saruji. Mwenye nyumba alikuja na fundi bomba, chemba ikafunguliwa, na kilichotolewa mle kingetosha mtungi. Tukalipa. Nikanung'unika wiki nzima.

Kisha zile bakuli. Hoteli moja ilituagiza sitini. Tulizichoma mara ya kwanza kwenye nyuzi joto 1000 hivi, zikatoka nzuri, tukapaka glezi, tukachoma tena, tukapeleka. Baada ya siku chache simu ikapigwa. Bakuli zinarusha vipande vidogo kama kucha, na kila shimo lina kitone cheupe katikati. Huo ni ugonjwa wa plasta, ile ya jasi nyeupe inayogandishwa kwa maji: punje yake ikichanganyika na udongo, ikachomwa, baadaye hunyonya unyevu wa hewa, inavimba na kusukuma. Na unyevu wa Dar mnaujua.

Usiku ule niliandika ujumbe mrefu kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilitaja uchafu wa kila mmoja wao tangu mwezi wa tatu, kwa tarehe. Nilikuwa nimeuhifadhi wote kichwani. Mwenzangu mmoja akajibu: "Wewe si mfinyanzi, wewe ni mfagiaji."

Inaniuma mpaka leo, nisiwadanganye.

Na plasta ilitoka wapi? Tulikuwa na ubao wa plasta wa kukaushia udongo wa kurudia, yaani mabaki ya kutumia tena. Kila jioni nilikuwa naukwangua kwa kisu cha chuma ili ung'ae. Unga na punje zilizobanduka zilidondokea kwenye ndoo ya udongo iliyokuwa chini yake. Hakuna mwingine aliyekuwa anaukwangua. Ni mimi.

Sikuwaambia. Mkataba wa pango ulipoisha tuligawana vitu, kila mtu akashika njia yake, na wawili kati yao wanalijua jambo hili leo kwa kulisoma hapa.

Kwa hiyo binti yangu wa Mwanza, sikiliza. Futa kwa maji. Gurudumu, meza na sakafu chini ya kiti chako, futa vikiwa bado vibichi, wewe mwenyewe uliyevichafua, kabla hujaondoka. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, sisi tukadhani wanazungumzia vyungu na watoto tu. Fagio likae nje. Usisugue chombo kikavu kwa msasa ndani ya chumba. Mikono na vifaa vioshwe kwenye ndoo tatu zilizopangwa, kuanzia chafu hadi safi, ndipo sinki. Udongo utatulia chini, maji ya juu mwagia mgomba, tope rudisha kazini. Udongo mweupe uwe na sponji yake, maana sponji iliyopita kwenye mwekundu itakuachia madoa ya kutu yatakayojitokeza tanurini wakati huna la kufanya. Ubao wa plasta usiguswe na chuma. Chakula kisiingie, glezi zina madini ambayo si ya kulamba. Na maji, nimesema? Maji.

Jambo la zamu msilifanye la kuoneana haya. Likionekana chafu leo, lisemwe leo, kwa mdomo, mkiwa mmesimama mbele yake. Ninyi vijana mnapenda kunyamaza halafu mnaandika usiku! Anayesafisha kimya kimya kwa miezi mitatu hasafishi, anaandaa hati ya mashtaka. Mimi niliiandaa, nikaisoma, na mshtakiwa nikawa mimi.

Sasa nina karakana nyingine, tuko watano, na nasema kwa kujivuna kidogo: ukipitisha kidole juu ya rafu yangu ya juu kabisa kinarudi kama kilivyokwenda. Mlangoni pana kitambaa kibichi cha kukanyaga na bakuli moja kati ya zile sitini, lenye mashimo manne. Ndimo zinamokaa sponji.

Mwezi uliopita yule aliyeniita mfagiaji alikuja kuomba nafasi kwenye tanuri. Alikanyaga kitambaa, akachukua sponji, akaligeuza bakuli akalitazama.

"Hili si la zile?"

"Ndilo."

Akalirudisha mahali pake. Samahani hakusema, wala mimi sikusema habari ya kisu. Atakuja kuchukua vyombo vyake Ijumaa, na nadhani kufikia hapo atakuwa ameshasoma.